Mashine Haiachwi Peke Yake

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika watu adhuhuri ile. Katikati ya msongamano alisimama binti mwenye suruali ya jinzi, buti za kazi na kilemba chekundu, akimrudishia muuzaji kisu cha mashine ya kuchongea mbao.

"Hiki ni butu," alisema, sauti ya chini lakini kali. "Kisu butu hakikati, kinasugua. Kikisugua kinapata moto. Unataka niunguze karakana ya baba mdogo?"

Nyuma yake alikuwapo fundi cherehani aliyekuja kununua bawaba za mlango, kijana mtanashati, shati lake la rangi ya maziwa limepigwa pasi likatii.

"Mbadilishie, kaka," alidakia. "Hata sindano butu ni hasara tupu."

Binti akageuka. Kope zake zilikuwa na vumbi la kahawia. "Na wewe nani kakuita kwenye kesi hii?"

"Mimi shahidi. Halafu wanja huo wa mbao umekupendeza."

Alitaka kununa, akacheka. Walitoka dukani wamepeana namba.

Simu za jioni zikawa ndefu na tamu. Kijana alimwita binti Wanja, naye akaitwa Mkasi. Lakini mchana simu ya Wanja iliita mpaka ikachoka, na wivu ukaanza kumtafuna Mkasi polepole, kama mchwa.

"Mimi nashona huku naongea na wewe, mpenzi," alilalamika. "Wewe una nini mkononi kisichoachwa?"

"Kazi."

"Hiyo kazi haina jina la mwanamume?"

"Mkasi, usianze."

Siku moja alasiri akaifuata karakana mwenyewe, akapiga simu akiwa getini. Kwa bahati Wanja aliisikia.

"Niko nje. Toka, la sivyo nijue sina mtu."

Wanja aliitazama mashine. Kompyuta ilikuwa ikiiongoza kukata milango ya kabati, na baba mdogo alikuwa ametoka kupeleka meza kwa mteja. Akajiambia, dakika moja haiui mtu. Akatoka.

Pale getini walinuniana, wakalaumiana, wakaishia kucheka wakiwa wameshikana mikono. Ndipo Wanja akanusa kitu. Akauachia mkono wa Mkasi, akakimbia ndani.

Kipande kidogo cha mbao kilikuwa kimekwama kando ya kisu, kikasuguliwa mpaka kikawa kaa. Feni ya kuvuta vumbi ilikuwa imelimeza kaa hilo na kulitema ndani ya mfuko uliojaa unga wa mbao. Mfuko ulikuwa unafuka moshi, na ubavuni umeanza kushika moto. Wanja alizima mashine, akazima na feni, maana upepo wake ulikuwa unauchochea. Mkasi, aliyemfuata mbio, alikwishavua koti, anataka kuupiga mfuko nalo.

"Usiuguse," Wanja alimfokea. "Vumbi likitimka, litawaka lote. Toka nje."

Akachukua mtungi wa kuzimia moto, akapulizia mpaka moshi ukanywea. Mfuko, bomba lake na milango ya mteja viliharibika. Karakana ilipona.

Baba mdogo aliporudi hakugomba. Alikaa juu ya rundo la mbao, akauangalia ukuta uliokuwa mweusi. "Mwanangu," alisema, "hapa ndipo nilipokulea." Wanja akalia.

Simu zikakatika. Mkasi aliona haya kupiga, akiamini amechukiwa. Wanja naye aliamini Mkasi hawezi tena kumtaka mwanamke aliyemfokea vile.

Aliyechoka kwanza ni Wanja. Alivaa gauni lake la bluu, akaenda kibandani kwa fundi cherehani. Mkasi alipomwona aliinuka na futi shingoni.

"Nisamehe," akawahi. "Mimi ndiye niliyekutoa."

"Nilitoka kwa miguu yangu. Wewe hukujua, na mimi sikukueleza. Njoo kesho uone."

Kesho yake Mkasi akaenda. Wanja alimwonyesha jinsi anavyokagua ukali wa kisu, anavyoibana mbao isicheze, anavyouacha mwendo wa kisu uwe wa haraka kiasi ili zitoke chembe nene badala ya unga ulioungua. Mfuko wa vumbi ulikuwa mpya na mtupu, mtungi uko karibu. Kisha akawasha, wakasimama bega kwa bega, macho kwenye kisu.

"Kwa hiyo simu isipopokelewa?" Mkasi aliuliza juu ya mvumo.

"Ujue nimesimama hapa, naangalia."

Mkasi akainama sikioni mwake. "Wanja, nataka nikuoe."

Wanja hakugeuka, ila masikio yake yalipata moto. "Subiri ikate."

Mkasi akasubiri, jasho likimtoka kwenye shati lake zuri. Mashine ilipomaliza, Wanja alizima kila kitu, akausikiliza mfuko kwa kiganja, akanusa, akagusa tena. Ulikuwa baridi. Ndipo akamjia, akamshika mikono yote miwili.

"Nimekubali," alisema. "Sasa nenda kaseme na baba mdogo. Yuko chumba cha nyuma, anajifanya anapiga msasa tangu ulipoingia."

Kule nyuma msasa ukanyamaza, na mtu akakohoa kwa heshima.