Nafasi ya Bibi Fusae

Jioni ile miguu yangu ilikuwa imeshaniaga. Tangu asubuhi nilikuwa naogesha wazee, mgongo unauma, na nilichotaka duniani ni godoro langu tu. Nikiwa navua aproni, Bibi Fusae akanishika mkono.

"Nasra, nipeleke nikaone maua."

Bibi Fusae alikuwa na miaka tisini na moja na kutembea alishasahau. Siku wenzake wa pale kwenye kituo chetu cha wazee walipopelekwa kwa basi kuangalia maua ya sakura, yeye alikuwa na homa. Na redio ilikuwa imetabiri upepo mkali usiku ule. Kufikia kesho matawi yangebaki matupu.

"Si mwanao anakuja kesho, bibi? Akupeleke yeye."

"Haruyo anakuja kuniona mimi. Maua hayamngoji mtu."

Haruyo alikuwa kitindamimba wake, anaishi Sapporo, kaskazini kabisa mwa Japani. Walinuniana miaka na miaka, tangu Haruyo alipokosa kutokea kwenye mazishi ya baba yake, Shigeo. Sasa binti alikuwa amekubali kuja. Wiki nzima bibi alimeza dawa bila ubishi, akisema, "Nisife kabla ya Haruyo." Nasi tuliomba hivyohivyo, maana moyo wake ulikuwa wa kuungaunga.

Mama Onodera, mkubwa wa zamu, alicheka. "Wewe nawe! Mzee akilia kidogo tu, unambeba. Haya, mrudishe kabla ya chakula. Na usilale chini ya mti huko, tusije tukakuleta wewe kwa kiti cha magurudumu."

Nikamfunika bibi blanketi, nikasukuma kiti chake cha magurudumu.

Kwi… kwi… kwi… Gurudumu la kushoto lilikuwa linalia.

Ukingo wa mto ulikuwa umejaa watu. Maturubai ya buluu, makopo ya bia, kuku wa kukaanga, wafanyakazi wa ofisini wamelegeza tai wanaimba ovyo. Viatu vimepangwa pembeni mwa kila turubai. Nimeishi mji huu miaka mingi, na maua haya bado yananigusa hata nikiwa hoi. Bibi alikuwa anatabasamu, petali zimemjaa kichwani. Nikausahau mgongo kidogo.

"Mbele," akasema. "Hapa walevi watupu."

Tukasogea mbele. Kelele zikapungua. Taa zikaisha. Ikabaki sauti ya mto…

Halafu nikasikia harufu ya ubani.

Chini ya mti wa mwisho watu walikuwa wameketi kwenye mkeka mkuukuu wa nyasi. Wanaume kwa wanawake, wamevaa kimono nyeupe, vazi la hapa linalokunjwa kifuani, kimya. Hakuna kopo la bia. Hakuna aliyekuwa anatafuna. Petali zilikuwa zinadondoka kila mahali, ila juu ya mkeka ule hapakuwa na hata moja.

"Karibu," mzee mmoja akanong'ona. "Tumekuwekea nafasi, Fusae."

Palikuwa na takia moja tupu. Mbele yake bakuli la wali, na vijiti vya kulia vimechomekwa wima katikati.

Nywele zikanisimama. Katika nchi hii mtoto hachomeki vijiti namna ile asizabwe kibao. Wali wa hivyo huandaliwa marehemu.

"Shigeo?" bibi akasema. Sauti ilikuwa ya msichana. "Mume wangu, mbona umekonda?"

Nikamtazama yule mzee kifuani. Walio hai hapa hufunga kimono upande wa kushoto ukiwa juu. Upande wa kulia huwekwa juu siku moja tu, na siku hiyo huvai mwenyewe, unavalishwa. Najua, kwa sababu nimewavalisha wengi kwa mikono hii.

Pale mkekani walikuwa wamefunga upande wa kulia juu.

Wote.

"Nasra," mzee akanigeukia. Jina langu hakuna aliyemtajia. "Umechoka, mwanangu. Mshushe. Nawe vua viatu upumzike."

Na Mungu anisamehe, nilitamani. Macho yakawa mazito. Nilijikuta nimeinama, mkono uko kwenye kamba za kiatu.

Bibi ndiye aliyeniokoa.

"La, Shigeo. Leo siketi. Kesho Haruyo anakuja."

Mkeka mzima ukatugeuzia shingo. Taratibu…

"Haruyo yupi?"

"Wangapi tulionao? Haruyo wetu, kitindamimba! Ameshafika, amelala hoteli ya pale stesheni. Acha nimwone kwanza, kisha nitakuja mwenyewe."

Mzee akawatazama wenzake. Wakaitikia kwa kichwa.

"Sawa," akanong'ona. "Lakini nafasi ikishawekwa haikai tupu."

Sikungoja zaidi. Niligeuza kiti nikakimbia, kwikwikwikwi, na nyuma yetu hapakusikika hata hatua moja. Nilipofika penye taa nikageuka. Giza tupu. Upepo ulikuwa umeanza.

Bibi nilimlaza salama. Alikula, akameza dawa, akachagua sweta la kuvaa asubuhi. Mama Onodera alinisikiliza mikono kiunoni, kisha akasema, "Umeota umesimama, mdogo wangu. Punguza zamu za ziada." Nikakubali. Nilikuwa nimechoka mno kubishana.

Asubuhi tukamvalisha bibi sweta la zambarau, tukamkalisha dirishani. Akangoja. Chai ikapoa. Akangoja…

Simu ikalia ofisini.

Haruyo alikutwa kitandani hotelini, amelala chali, mikono kifuani. Moyo, walisema, ingawa hakuwahi kuugua moyo. Alikuwa amevaa kimono nyepesi ya kulalia, ile wanayowapa wageni hotelini. Upande wa kulia ulikuwa juu.

"Wageni kutoka nje hukosea kuifunga kila siku," Mama Onodera alisema, lakini hakunitazama usoni.

"Haruyo si mgeni," nikamjibu. "Kazaliwa hapa."

Bibi hakulia. Alinivuta mkono tu. "Nipeleke kwa Shigeo."

Jioni nikampeleka. Upepo ulikuwa umekung'uta kila kitu. Chini ya mti wa mwisho hapakuwa na mkeka wala ubani, ni matope tu. Bibi akaukemea ule mti kwa nguvu zake zote.

"Shigeo! Mrudishe mtoto! Nilisema nitakuja mwenyewe!"

Mto ukaendelea kupita.

Bibi yuko hai mpaka leo. Moyo ni uleule wa kuungaunga, na daktari kila akimpima anashangaa. Kila sakura inapochanua nampeleka palepale, kwa sababu siwezi kumkatalia. Tunakaa hadi giza linaingia. Haji mtu.

Juzi alinigeukia pale chini ya mti.

"Nasra, Haruyo amekaa kwenye nafasi yangu. Sasa mimi watanikalisha wapi?"

Nikamfunika blanketi vizuri, nikamrudisha ndani.