Hoja Aliyopewa Faridi

Msongamano wa wanunuzi wa sukari ulimsukuma Houda mpaka kifuani mwa Faridi. Ulikuwa mwaka 1997, nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo, na soko kuu la Bujumbura lilikuwa na watu wengi kuliko bidhaa. Houda alivaa kitenge cha buluu na mtandio mweupe. Faridi, shati lililonyooshwa kama la waziri.

"Chérie, ungali umekasirika?" Faridi alimbembeleza.

Houda alikuwa na sababu. Katika mdahalo uliopita wa chuo kikuu, Faridi aliichukua hoja ambayo Houda, mpenzi wake, alimnong'oneza, akaitoa kama yake, akashangiliwa.

"Apana, mi nilishasahau," Houda alitabasamu.

Jioni akampigia simu.

"Jumamosi unatetea serikali juu ya vikwazo, siyo? Sema hivi: vita vyetu ni vya ndani, haviwagusi majirani. Hawana haki ya kutufungia mipaka."

"Roho yangu! Hiyo itamaliza mutu!"

"Itamumaliza kweli," alijibu Houda, akakata simu. Faridi hakujua kwamba yeye ndiye aliyepangiwa kumpinga, na jibu alikwisha kulinoa. Safari hii ukumbi uleule ungemcheka Faridi.

Jumamosi Faridi alisimama mbele ya umati.

"Hoja yangu kuu ni ya Houda, kama ile ya mdahalo uliopita. Ile niliiba. Anisamehe."

Kisha akaieleza yote kwa fahari. Makofi yakavuma. Uso wa Houda uliwaka: mtego sasa ulikuwa na jina lake. Akinyamaza, uongo ungebaki umesimama. Akijibu, angejiumbua mwenyewe.

Akasimama.

"Houda amekosea," alisema, na ukumbi ukaangua kicheko. "Tena kwa makusudi. Shangazi yangu Mwantum analala katika hema la wakimbizi huko Kigoma, anachota maji ya Watanzania. Vikwazo vinawaumiza maskini wetu, nakubali. Lakini vita vinavyomfukuzia shangazi yangu kwa jirani, vinamgusa jirani."

Nje, Faridi alikuwa akimngoja.

"Kumbe ulinitega?"

"Nilitaka wakucheke."

"Wakakucheka we! Sasa tuko sawa?"

"Apana. We umeshangiliwa mara mbili."

"Basi nije kwa baba yako, nimuombe nikuoe. Akinifukuza, utafurahi."

Houda alikaza mtandio wake, akilizuia tabasamu.

"Kuja. Lakini maneno ya kumuambia baba, utayatafuta mwenyewe."