Namba Sita kwenye Simu ya Koko

Kwaruu! Beseni lilikwaruza sakafu ya saruji. Jogoo wa jirani alikuwa bado hajawika.

Nilijua ni Feza, mke wa mwanangu Mukengere. Kila alfajiri huvuta beseni lake kutoka chini ya meza, kisha hushuka ziwani kuwangoja wavuvi wa sambaza. Sambaza ni samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Feza huwauza sokoni Kamembe.

Kabla ya kutoka, alikuja kunifunika miguu.

"Lala, Koko. Baridi iko kali."

Watoto wake huniita Koko, yaani bibi. Naye aliwafuata, akaacha kuniita mama mkwe.

"Barua ya ofisi ya soko imekuja?" nilimuuliza.

"Bado. Lakini wiki hii itakuja tu."

Miaka sita Feza ameuza samaki akiwa ameketi chini. Mvua ikinyesha, hufunika beseni kwa kitenge chake na kulowa yeye. Sasa alikuwa ameomba kizimba ndani ya soko, chenye paa na meza. Ofisi ilisema itawaandikia waombaji kwa barua pepe. Asiyejibu ndani ya siku moja, kizimba chake atapewa mwingine.

Barua pepe zake Feza huzisoma kwenye simu. Simu yenyewe ilikuwa haifungwi. Zamani ilikuwa ikifunguliwa kwa alama ya kidole. Lakini vidole vya muuza sambaza vina maji na magamba. Siku moja alitaka kumsomea mteja ujumbe, simu ikakataa kidole chake mara tano.

"Hata telefone yako haikujui!" wenzake walimcheka.

Feza aliona haya. Siku hiyo hiyo aliondoa ulinzi wote. Wauza samaki wenzake walimwiga mmoja baada ya mwingine. Mtu yeyote aliweza kuigusa simu ya Feza na kuingia.

Asubuhi hiyo ya beseni, saa nne, Feza alirudi nyumbani. Alishuka kwenye pikipiki ya Habineza, kijana anayebeba abiria mtaani kwetu. Aliweka beseni chini, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake. Akaingiza tena. Uso wake ulibadilika.

"Koko, telefone haiko!"

"Umeangalia muzuri? Kwenye beseni?"

Tulimwaga maji ya beseni. Tulikung'uta aproni. Hakuna kitu.

Habineza hakusubiri kuombwa. Aligeuza pikipiki, akarudi hadi sokoni akiangalia kando ya barabara. Hakudai chochote. Alirudi akitikisa kichwa.

"Pole, Maman. Sikuiona."

Nilipiga namba ya Feza kwa simu yangu ndogo ya vitufe. Iliita, iliita, haikupokelewa.

Feza aliketi kizingitini.

"Simu nitapata nyingine," alisema. "Lakini barua ya kizimba, Koko! Ikija leo, atakayeiona ni huyo mwenye simu."

Nilikuwa bado natafuta neno la kumtuliza, simu yangu ikalia, ti-ti. Ulikuwa ujumbe. Nilivaa miwani. Niliona namba sita, na baada yake maneno. Kabla sijaanza kusoma maneno, simu iliita. Jina lililotokea lilikuwa Feza.

"Halo, Koko," alisema mwanaume. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Nimeokota simu ya mtoto wako."

"Mungu akubariki, mwanangu!" nilisema. Feza aliruka juu.

"Nataka niirudishe. Lakini nataka kujua kama ni yenu kweli. Kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako. Nisomee tu, halafu nitaileta."

Nilifurahi. Moyo wangu huamini wema upesi. Lakini mimi nilijifunza kusoma nikiwa na nywele nyeupe. Siwezi kuruka maneno. Nikianza ujumbe, lazima niufuate kwa kidole hadi mwisho.

"Ngoja, mwanangu," nilisema. "Nasoma polepole."

"Namba tu, Koko. Maneno achana nayo."

"Ngoja, nimesema." Niliitoa simu sikioni, nikaufungua ujumbe na kuusoma kwa sauti. "Hii... ni... namba... ya kuthibitisha... akaunti yako. Usimpe... mtu... yeyote."

Nilisoma tena neno la mwisho. Yeyote.

"Mwanangu," nilimwambia, "hapa wameandika nisimpe mtu yeyote. Na weye ni mtu."

Alikata simu.

Feza alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa bado na harufu ya samaki.

"Twende kwa Patricie," alisema.

Patricie ni jirani yetu. Ana chumba kidogo karibu na barabara ya hospitali. Hapo ana kompyuta na mashine ya kuchapa. Husaidia watu kujaza fomu za mtandaoni. Tulimkuta akinywa chai. Aliisukuma kando chai yake, akanipa kiti chake mwenyewe.

Alisikiliza yote. Kisha alicheka kwa mshangao.

"Koko, unajua umefanya nini? Umeokoa akaunti!"

"Nimefanya nini? Nimesoma tu."

"Huyo mtu alikuwa tayari anaweza kusoma barua za Feza, kwa sababu simu iko wazi. Lakini hajui neno la siri. Bila neno la siri hawezi kuichukua akaunti iwe yake. Kwa hiyo alibonyeza kwamba amesahau neno la siri. Akaunti ikatuma namba sita kwenye simu ya akiba, yaani simu yako."

"Ni Sandrine alinifungulia akaunti," Feza alisema. Sandrine ni mdogo wake. "Aliweka namba ya Koko na akachagua Kiswahili. Miye sikujua ni ya nini."

"Ni ya siku kama ya leo. Koko angemsomea zile namba, huyo mtu angeweka neno la siri jipya. Ungebaki nje ya nyumba yako mwenyewe. Sasa njo hapa, tufanye haraka. Bado ana simu mkononi."

Patricie alimketisha Feza mbele ya kompyuta.

"Andika anwani yako na neno la siri. Miye naangalia ukuta."

Na kweli aligeuza uso. Feza aliandika. Kompyuta ilisema haimfahamu mtu huyu kwenye mashine hii, athibitishe kwanza kuwa ni yeye. Simu yangu ikalia tena, ti-ti. Namba sita nyingine.

"Nikusomee?" nilimuuliza Patricie.

"Hapana, Koko! Hata miye usinisomee. Mwonyeshe Feza, yeye ndiye mwenye akaunti. Safari hii ni sisi tulioomba namba. Ikija na hukuiomba, ujue kuna mtu mlangoni."

Feza aliandika namba. Akaunti ilifunguka.

"Niitoe ile simu kwenye akaunti?" aliuliza.

"Subiri kidogo. Tukiitoa sasa, hatutaweza kuifikia tena. Kwanza tuifunge ikiwa huko huko iliko. Nenda sehemu ya kutafuta kifaa kilichopotea. Unaona jina la simu yako? Inawaka bado. Chagua kuifunga, uweke namba mpya za siri."

Feza alibonyeza. Baada ya muda kompyuta ilisema kwamba simu imefungwa.

"Bien, vizuri," alisema Patricie. "Sasa badilisha neno la siri la akaunti. La zamani lilikuwa nini? Litakufa sasa hivi, unaweza kusema."

Feza aliinama. "Feza, halafu moja, mbili, tatu."

"Yee, Maman! Hilo hata kuku wako analijua!"

Tulicheka wote watatu. Hofu ilipungua kidogo.

"Tafuta maneno manne yasiyohusiana," Patricie alisema. "Yawe marefu. Usiweke jina lako wala mwaka wa kuzaliwa kwa batoto. Na usiyatumie mahali pengine."

Feza alifikiri, akaandika huku akisogeza midomo. Halafu Patricie alimwonyesha orodha ya vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Simu iliyopotea ilikuwepo. Feza aliitoa. Walikagua pia namba ya akiba, kama bado ni yangu. Walikagua kama barua hazitumwi kwa anwani ya mtu mwingine kwa siri. Yote yalikuwa salama.

"Sasa angalia barua zako," Patricie alisema.

Barua mpya ilikuwa moja. Iliingia saa tatu asubuhi, Feza akiwa bado sokoni. Aliisoma kwa sauti. Ofisi ya soko ilimpa kizimba namba kumi na saba. Alitakiwa kujibu kabla ya kesho saa tatu.

Feza aliandika, "Nakubali. Asanteni sana." Akabonyeza tuma. Kisha alijifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Usilie bado," Patricie alisema. "Kazi imebaki. Chukua kitambulisho chako, nenda kwa wakala wa laini. Laini ya zamani izuiwe, upewe nyingine yenye namba ile ile. Vinginevyo huyo mtu atapigia wateja wako akijifanya weye. Waambie pia wailinde pesa ya simu. Lakini kwanza toka kwenye akaunti hapa. Kompyuta hii hutumiwa na batu wengi."

Mchana huo huo laini ilizuiwa. Simu yenyewe hatukuipata. Wiki iliyofuata Sandrine alimtumia Feza simu yake ya zamani. Kabla ya kuweka jina la mteja hata mmoja, Feza aliifunga kwa namba sita za siri. Namba hazijali magamba. Kwenye aproni alining'iniza kitambaa kikavu cha kufutia vidole. Na aliiambia simu ijifunge yenyewe baada ya nusu dakika.

Wenzake walipomcheka kwamba sasa anachelewa kufungua, alimjibu kila mmoja, "Cheka. Ukimaliza, lete yako tuifunge." Hadi jioni, simu saba zilikuwa zimefungwa.

Nilikwenda kukiona kizimba namba kumi na saba siku ya kwanza. Sambaza walikuwa wamepangwa mezani, wakimetameta. Mvua ilinyesha kwa nguvu juu ya bati, na kitenge cha Feza kilikuwa kikavu.

Patricie alikuja saa sita, mwavuli mkononi. Feza alimfungia samaki kwenye jani la mgomba, akaongeza kiganja kimoja, akaongeza na cha pili.

"Inatosha, Feza! Nakaa peke yangu, nitamaliza lini?"

"Koko anasema ulimwachia kiti chako, na chai yako ikapoa."

"Ah, chai tu!"

Patricie alifungua mwavuli ili aondoke. Feza alizunguka meza, akamshika mkono.

"Njo kwetu nyumbani Jumamosi," alimwambia. "Lakini usije kwa kazi. Uje na njaa."