Nilipanda Kitanda cha Mama Mkwe Kufunga King'ora cha Moshi

Nina miaka arobaini na nane. Ni fundi umeme hapa Ujiji, na haya nayaandika nikiwa peke yangu ndani ya nyumba ambayo kila tofali lake nimelilipia mimi. Ndugu wasomaji, nivumilieni hadi mwisho, maana yaliyonipata sikuyaona yakija...

Nilizaliwa Simbo. Shule niliishia darasa la nne. Umeme nimeujua kwa macho tu, nikimshikia fundi mmoja ngazi, na leo nyumba za watu wazito wa Kigoma mjini nimezifunga waya mimi. Wenye vyeti vyao wananipigia simu kuniuliza! Sikubebwa na mtu. Hata siku ya kwenda kuposa Mwamgongo sikumchukua ndugu yangu yeyote. Nilimkodi mzee mmoja wa Ujiji mwenye ulimi mtamu akanisemea. Kaka yangu Issa alipouliza mbona hakuambiwa, nilimjibu mbele za watu kwamba mimi nimejizaa mwenyewe. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Basi nilipojenga, kila chumba nikaweka darini boksi la chuma la panga boi, yale makubwa, mapana kama sahani ya wali. Nilitaka mgeni akilala chali ajue yuko kwa nani! Lakini panga boi zenyewe nikafunga sebuleni tu, vyumbani upepo wa ziwa ulitosha. Yale maboksi yakabaki wazi, waya zimekunjwa ndani, nikayaziba kwa vipande vya jipsam.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe akaja kwetu kwa boti kutoka Mwamgongo. Presha ilikuwa inamsumbua. Mke wangu Siwema akampa chumba cha nyuma, kile chenye hewa.

Mnajua heshima ya mkwe ilivyo huku kwetu. Yule mama tulikaa naye nyumba moja na uso wake sijauona sawasawa. Asubuhi atapiga makofi nyuma ya mlango, anisalimie "Mwakeye", nami nitaitikia nikiwa nimegeukia ukuta. Tukikutana koridoni anajifunika kanga, mimi narudi kinyumenyume. Chumba chake? Hata kizingiti sikukikanyaga!

Ila mama alikuwa na tabia moja. Umeme ukikatika anawasha kibatari, anakiweka kando ya kitanda. Siku moja Siwema alinionyesha chandarua, pembe yake imeungua. Nikaagiza Dar ving'ora viwili vya moshi, vile vidogo vyeupe ambavyo moshi ukipita chini yake vinapiga kelele. Kimoja ni chake, kingine cha jikoni. Je, huo si upendo?

Ningemwambia Siwema, yasingefika huku. Lakini mimi napenda mtu akute kitu kimekamilika, ashangae.

Siku ya kliniki wakaondoka wote wawili. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikazima meni switch, nikaingia. Kitanda kilikuwa katikati, chini ya boksi kabisa, na masanduku yamejaa kila upande. Ngazi haikupata pa kusimama. Nikafungua chandarua, nikavua viatu... nikapanda kitandani.

Sasa sikilizeni. King'ora kilikuwa kidogo kama kisosi. Boksi ni sahani! Matundu ya skrubu ya kisosi yako karibu karibu, masikio ya boksi yanayopokea skrubu yako mbali. Ukikishika hapa, kule hakifiki. Fundi mwingine angekata tamaa. Mimi nikakata duara kwenye mfuniko mweusi wa ndoo ya rangi, nikatoboa matundu mawili ya nje ya kushika boksi na mawili ya ndani ya kushika king'ora. Nikazisokota waya kwa vidole, nikawa nazisukumia ndani huku nimebeba kile kifuniko kwa kiganja. Skrubu ya kwanza ikaingia nusu. Ya pili ikaniponyoka, ikapotelea kwenye shuka.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa.

Mama alikuwa amerudi na bajaji, peke yake. Siwema alipitia sokoni. Alinikuta nimesimama juu ya godoro lake, mikono imeingia darini, nyayo zangu zenye vumbi la jipsam zimechapa shuka jeupe kila mahali. Nikikiachia king'ora kitaanguka. Nikishuka nitamkabili. Nifanyeje?

Alijifunika kanga uso mzima, akatoka, akageukia ukuta wa koridoni. Kisha akasema taratibu, "Mwambieni huyo aliyeko chumbani kwangu ashuke kitandani."

Hakukuwa na mtu wa kuniambia. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba! Nami nikaiambia dari, "Mwambieni mama ni king'ora cha moshi." Akaketi chini palepale, mgongo ukiwa mlangoni. Kutoka ningelazimika kumruka mama mkwe. Dirishani kuna nondo nene nilizozichomelea mwenyewe, nikijisifu kwamba hapiti hata paka. Jasho lilinitiririka hadi kwenye mito yake...

Siwema alipofika alimwinua mama kwanza. Kisha akaja, akatazama shuka, akatazama juu. Kile kifuniko cheusi kimetanda kama jicho, na katikati kijitaa chekundu cha king'ora kinakonyeza, maana kina betri yake.

"Umemwekea mama yangu kamera?"

Wasomaji, nilicheka! Sijui kwa nini. Nikamwambia asiyejua umeme anyamaze. Hadi leo nikikumbuka kicheko kile natamani kuung'oa ulimi wangu.

Asubuhi waliondoka na boti. Chumba walikifunga na ufunguo wakaenda nao. Ndani yake zile waya zimeachwa zimesokotwa tu, zinaning'inia na king'ora juu ya kitanda, na taa zote za nyumba zinapita kwenye laini hiyo. Siwezi kuwasha, zitapiga shoti. Kuvunja mlango ni kuingia kwa mama mkwe mara ya pili. Fundi umeme wa Ujiji nzima natumia mshumaa! Watoto wetu walioko bweni wakifunga shule nitawaeleza nini?

Nilikwenda Mwamgongo na kile king'ora cha pili. Baba mdogo wa Siwema akaniketisha uani. Nikawasha karatasi, nikakipitishia moshi, kikalia hadi kuku wakakimbilia migombani. Watoto wa pale walicheka sana. Mzee akasema sawa, ameamini si kamera.

"Lakini kitanda umekikanyaga," akasema. "Lete mtu wako aseme na sisi."

Nikamwambia nimekuja mwenyewe.

"Ndiyo, tumekuona. Tunakuuliza umekuja na nani."

Yule mzee wa kukodi alishafariki. Kule kwao mkwe hajiombei msamaha kwa mkwewe, anaombewa na damu yake. Siwema alikuwa anaanika dagaa hatua chache tu, hakunisogelea. Nilipopita kwenda kwenye boti alisema bila kuinua kichwa, "Nakungoja. Ila sitaondoka hapa na mtu asiye na kwao."

Nikaenda Simbo. Nilimkuta kaka Issa shambani. Nilipiga magoti kwenye udongo, mimi! Nikamweleza yote. Alinisikiliza, akaniagizia uji, nikanywa. Kisha akasema, "Niende nikaseme nini kule? Kwamba huyu mtu namjua?"

Wanaume wenzangu mliojitafutia wenyewe, nawaomba. Kazi ikikupeleka mahali ambapo mguu wako hauruhusiwi, uliza kwanza, hata kama wewe ndiye uliyejenga mlango. Mtaani kwetu kuna binti fundi umeme, angeingia kwa mama akafunga kile kitu wakipiga soga. Mimi niliona aibu kumwita. Na ndugu zako usiwatupe kwa sababu hawajakuchangia kitu. Kuna siku fedha yako na ufundi wako vitasimama nje ya ua, na atakayeitwa ndani ni mtu wa kusema, "Huyu ni wetu."

Kila Jumapili sasa nakwenda Simbo kulima na kaka. Hatuongei sana. Juzi mkewe alinitengea chakula bila kuulizwa, na kaka akaniuliza kama boti za Mwamgongo bado zinaondoka asubuhi. Nikamwambia ndiyo, zinaondoka asubuhi.

Akainama, akaendelea kulima. Nami nikalima mstari wa pembeni yake... sikuthubutu kumuuliza zaidi.