Taa za Saa Kumi na Mbili na Robo

Baba yangu alikuwa fundi saa. Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa kuchelewa, na yeye mwenyewe hakuchelewa kamwe.

Kila jioni, saa kumi na mbili na robo, alifungua geti na kuwasha taa yake. Akapanda ngazi tatu, akawasha taa ya baraza. Akaingia, akawasha taa ya sebule. Mwisho akafika jikoni, akabonyeza swichi. Mama alikuwa pale, birika la chai mezani.

"Nimefika," Baba alisema.

"Karibu," Mama alijibu.

Miaka thelathini na moja, maneno yale yale. Sisi watoto tuliwaigiza na kucheka mpaka tukashika mbavu. Siku hizi natamani kuwasikia hata mara moja tu.

Baba alipostaafu, magoti yalianza kumsumbua. Akanunua kidhibiti cha taa. Ni kisanduku cheupe kinachoenea kiganjani. Kinaunganishwa na ruta, yaani kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, na kinaziamuru taa ziwake au zizimike. Baba alihangaika nacho wiki nzima, miwani imemshuka puani. Mwishowe taa zikawa zinawaka zenyewe saa kumi na mbili na robo, moja baada ya nyingine: geti, baraza, sebule, jikoni. Ilikuwa njia yake ya kurudi kutoka kazini.

Mwaka juzi Baba alifariki. Taa hazikukoma. Kila jioni Mama alikaa jikoni akisubiri taa ya mwisho. Ilipowaka, alisema kwa sauti ndogo, "Karibu," kisha akamimina chai. Sikumwambia kamwe kwamba nilikuwa namsikia.

Jioni moja taa hazikuwaka. Kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe kutoka kwa kampuni iliyotengeneza kisanduku: "Huduma yetu imefungwa. Asante kwa kuwa nasi." Mama hakuinuka kubonyeza swichi. Alikaa tu, birika likapoa mbele yake.

Asubuhi nilimpigia simu muuza duka wa vifaa vya umeme.

"Dada, hicho kimekufa," alisema. "Nyuma kina kitundu. Chomeka sindano, hesabu mpaka kumi, kitaanza upya. Kisipoanza, njoo ununue kingine."

Mimi nina haraka, nakiri. Nilichukua sindano kwenye mkebe wa Mama wa kushonea, nikakigeuza kisanduku. Nikaanza kukitafuta kitundu.

"We! Weka sindano chini!"

Alikuwa Bi Redio, jirani yetu, amesimama mlangoni. Alitengeneza redio za mtaa mzima tangu sisi tuko shule ya msingi. Sasa redio zimepungua, anatengeneza kompyuta na ruta. Yeye na Baba walitaniana maisha yao yote. Baba alidai redio zake zinataja saa kwa kubahatisha.

"Ukihesabu mpaka kumi, unafuta kila kitu," alisema. "Kitarudi kama kilivyotoka kiwandani. Yote aliyoyapanga baba yako yatapotea, na hakuna wa kuyarudisha."

Sindano ilinidondoka. Mama akavuta kiti, akakaa.

"Lakini kimekufa, shangazi," nikasema.

"Nani kasema? Hebu tazama, taa yake inawaka. Ulikuwa unakiamuru vipi?"

"Kwa simu. Kwa intaneti."

"Safari ndefu hiyo! Amri inatoka hapa mezani, inakwenda kwenye kompyuta za kampuni huko mbali, halafu inarudi hapa hapa mezani. Hata ile saa ya kuwasha taa, kampuni ndiyo iliyokuwa inakikumbusha kisanduku. Sasa kampuni imefunga, hakuna wa kukikumbusha. Lakini vingine vina njia ya ndani. Inaitwa API ya ndani."

"Mwenzangu, mimi ni mshonaji," Mama alisema. "Sema nikuelewe."

Bi Redio akacheka. "Haya. Unalikumbuka dirisha la posta? Kuna maombi ambayo karani anayaelewa. Ukijaza fomu vizuri, anakupa ulichoomba. Ukikosea, anakurudishia. Basi hapa karani ni kisanduku. Kompyuta yetu inakiandikia ombi, chenyewe kinajibu. Na dirisha liko humu humu ndani. Hatuihitaji kampuni, wala intaneti ya nje."

"Na hiki chetu kina dirisha hilo?"

"Si vyote vinavyo. Kijitabu chake kiko wapi?"

Mama alikwenda chumbani, akarudi na kopo la biskuti. Baba aliweka humo vijitabu vya kila kitu tulichowahi kumiliki, hata pasi iliyoungua nikiwa darasa la tatu. Cha kisanduku kilikuwa juu. Pembeni mwa ukurasa mmoja, Baba alikuwa ameandika kwa penseli: "Mlango wa ndani upo. Nijaribu." Hakuwahi kupata nafasi.

Bi Redio alifungua kompyuta yake. Kwanza aliingia kwenye ukurasa wa ruta, akaangalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Simu yangu ilikuwemo. Kisanduku kilikuwemo pia, na mbele yake palikuwa na namba.

"Hii ndiyo anwani yake humu ndani," alisema. "Sasa tuombe ufunguo. Kisanduku hakimpi ufunguo mtu aliye barabarani. Lazima mtu akiguse kwa mkono. Mama, bonyeza kile kitufe kikubwa cha juu. Mara moja tu. Nina nusu dakika."

Mama akabonyeza. Bi Redio huandika kwa vidole viwili, na alichelewa. Kisanduku kikajibu kwamba kitufe hakijabonyezwa.

"Ungekuwa fundi saa, ungewahi," Mama alimtania. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu tangu jana yake.

Walirudia. Safari hii ukaja mstari mrefu wa herufi na tarakimu.

"Huu ndio ufunguo," Bi Redio alisema. "Mwenye nao, akishaingia kwenye mtandao wa nyumba yenu, anaziamuru taa zenu. Uandikeni, muufungie. Msimtumie mtu kwa simu. Na mtu akiwashauri mfungue njia kwenye ruta ili kisanduku kifikiwe kutoka nje, mkatae. Mlango wa ndani ubaki wa ndani."

"Sasa washa taa!" nikasema.

"Haraka yako itakuponza. Kwanza nakala."

Aliandika ombi la kutaka mipangilio yote. Kisanduku kikaitoa. Akaihifadhi kwenye kompyuta, akanipa nakala nyingine niiweke kwangu. Hapo ndipo nilipoanza kupumua vizuri. Kisha akamgeuzia Mama kioo cha kompyuta.

Mama alijifunza kusoma ukubwani. Mwalimu wake alikuwa Baba, na namba alizianzia kwenye uso wa saa. Alifuata mistari kwa kidole, polepole.

"Ni-me-fi-ka," alisoma. Akasoma tena. "Nimefika. Ameuita mpango wake 'Nimefika'."

Chini ya jina hilo kulikuwa na maelezo, naye akayasoma yote. Washa geti. Subiri sekunde kumi na mbili. Washa baraza. Subiri sekunde arobaini. Washa sebule. Subiri sekunde nane. Washa jikoni.

"Arobaini za nini?" niliuliza. "Kutoka baraza hadi sebule ni hatua moja."

Mama aliweka kidole juu ya namba ile.

"Hapo alikuwa anavua viatu," alisema.

Tulilia, wote watatu. Bi Redio ndiye aliyelia kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Alipojifuta machozi, alituma ombi: tekeleza "Nimefika". Mchana kweupe, taa ya geti ikawaka. Tukahesabu pamoja, mpaka ya jikoni. Kisha akachukua simu ya zamani ya Baba, akaiweka kwenye chaji kando ya ruta, akaipanga itume ombi hilo kila siku saa kumi na mbili na robo.

Jioni hiyo taa ziliwaka. Kesho yake hazikuwaka.

"Nilijua tu!" nikafoka. Nikamwita Bi Redio.

Hakukasirika. Aliuliza, "Leo asubuhi kuna mtu alichomoa ruta?"

Mama akainamisha uso. "Mimi. Nilikwenda sokoni. Baba yao alikuwa na sheria: ukitoka nyumbani, chomoa kila kitu."

"Basi hakuna kilichoharibika. Ruta ikizimwa na kuwashwa, inaweza kugawa anwani upya. Kisanduku kimepewa nyingine, na simu inabisha hodi kwenye ile ya jana. Zamani hamkuliona hilo, kwa sababu kisanduku chenyewe ndicho kilichokuwa kinaitafuta kampuni."

Aliingia tena kwenye ukurasa wa ruta. Akaiagiza ikiwekee kisanduku anwani moja, isiyobadilika. Ufunguo ulibaki ule ule.

"Sasa chomoa upendavyo, Mama. Ila uchomeke kabla ya saa kumi na mbili."

Tangu siku hiyo miezi saba imepita. Mama bado anachomoa ruta akienda sokoni, na akirudi anachomeka kabla hajatua kikapu. Intaneti ilipokatika juma zima mwezi uliopita, majirani walilalamika, lakini taa zetu hazikukosa hata jioni moja. Ile sindano aliichukua Bi Redio, akasema haniamini nayo.

Jana nilirudi kutoka kazini nikiwa nimechoka. Nilishika geti, taa ikawaka juu ya mkono wangu. Nikapanda ngazi tatu, baraza ikawaka. Kwa kawaida mimi huingia na viatu, Mama akanigombeza. Jana nilikaa kwenye kizingiti, nikafungua kamba, nikavua kimoja, kisha kingine, nikavipanga ukutani. Niliposimama, sebule ikawaka. Nikatembea hadi mlango wa jikoni, nayo taa ya jikoni ikawaka.

Mama alikuwa ameupa mlango mgongo, birika mkononi.

"Karibu," alisema, kabla hajageuka.

Sikujua ananiambia mimi au anamwambia Baba, na sikuuliza.

"Nimefika," nikajibu.