Samaki Aliyeivishwa kwa Ndimu

Kila Jumamosi nyumbani kwa Rahel, pale Kihonda, walipika chakula cha nchi nyingine. Binti yake, Diana, alitafuta mapishi kwenye simu. Rahel alishika mwiko. Mumewe, Kasimiri, alikata vitunguu huku machozi yakimtoka na kuuliza, "Leo tunasafiri kwenda wapi?" Waliwahi kupika piza juu ya jiko la mkaa. Ikaungua chini, wakaila hivyo hivyo wakicheka.

Jumamosi moja walikuwa na mgeni. Bibi Martina, mama yake Kasimiri, alikuja kutoka Matombo na ndizi na mdalasini. Tangu Rahel aolewe, mama mkwe wake hakuwahi kulala kwake. Alikuwa akija asubuhi na kuondoka jioni. Safari hii alikubali kukaa wiki nzima. Rahel alitaka sana ajisikie yuko kwake.

"Tumpikie kitu ambacho hajawahi kula," Rahel alisema.

"Kuna samaki wa Peru," Diana akajibu. "Hapikwi motoni, Mama. Unamkata vipande, unamkamulia ndimu, anaiva."

"Anaiva bila moto?"

"Ona hapa. Anakuwa mweupe kabisa."

Kasimiri akacheka. "Basi leo mkaa wangu umepona."

Rahel alinunua sato sokoni. Samaki huyo alikuwa amevuliwa bwawani na kupangwa mezani juani, inzi wakitua juu yake. Rahel alimwosha vizuri, akamkata vipande vyembamba, akamkamulia ndimu nyingi, akatia vitunguu, pilipili na majani ya giligilani. Baada ya muda nyama ikageuka nyeupe. Rahel akaridhika.

Mgeni alipakuliwa kwanza, tena sahani ikajaa. Bibi alishika kipande, akakitazama, akamtazama Rahel aliyekuwa akitabasamu. Kisha akala. Kasimiri alionja kidogo, akasema ndimu imezidi, akageukia ugali na mchicha. Diana naye hakumaliza kipande chake. Bibi peke yake alimaliza sahani.

"Umependa, Mama?" Rahel aliuliza.

"Asante, mwanangu. Nimeshiba."

Kesho yake Bibi alianza kutapika na kuhara. Midomo ilimkauka, macho yakaingia ndani. Rahel alimkimbilia jirani yao Sharifa, muuguzi wa zahanati, akaja naye.

"Shikamoo, Mama," Sharifa alisema, huku akimshika mkono.

"Marahaba," Bibi akajibu. Sauti haikusikika vizuri.

Sharifa alikoroga pakiti ya ORS katika lita moja ya maji safi ya kunywa. "Mnyweshe kidogo kidogo, asinywe kwa mkupuo. Lakini mtu wa umri wake hatumweki nyumbani. Twende hospitali."

Huko Bibi alitundikiwa dripu. Nje ya wodi Sharifa akauliza, "Mama Diana, jana mlikula nini?"

Rahel alimweleza.

"Ndimu hubadilisha rangi ya samaki," Sharifa alisema. "Haiui vijidudu vyote, wala minyoo. Moto ndio unaoviua."

"Lakini Peru wanakula hivyo," Diana alisema kwa sauti ya chini.

"Samaki wao hawekwi juani, mwanangu. Anawekwa kwenye barafu tangu anapovuliwa. Na hata huko wapo wanaougua. Simu yako ilikuonyesha samaki wao. Haikumwona huyu wetu. Chakula cha kigeni pikeni, mimi mwenyewe napenda. Ila samaki, nyama na mayai viive mpaka ndani."

Rahel aliingia wodini, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nisamehe. Sikujua kama ni mbichi."

"Mimi nilijua," Bibi alisema.

"Sasa mbona ulikula?"

"Ulikuwa na furaha. Ningeirudishaje sahani yako mbele ya mume na mtoto?"

Rahel alilia. Neno hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Mama huyu alimeza samaki mbichi ili mkwewe asiaibike.

Bibi alipona. Alipotoka hospitali aliomba apelekwe kwake Matombo. Wiki haikutimia. Rahel alikunja shuka alizomtandikia.

Jumamosi za mapishi ziliendelea, ila sasa Rahel alinunua samaki asubuhi na mapema, mwenye macho maangavu na mashavu mekundu ndani. Alimbeba kwenye ndoo yenye barafu, na akifika nyumbani alimpika mara moja.

Baada ya mavuno Bibi alikubali kuja tena. Rahel alipika samaki kwa tui la nazi na tangawizi, mapishi ya Tailandi. Alimchemsha mpaka akaiva, ndimu akaikamulia mwishoni. Akapakua.

Bibi hakushika kipande. "Mama Diana," aliuliza, "huyu ameiva?"

Kasimiri aliinamisha uso. Rahel alichomwa moyoni, maana swali hilo alilistahili. Lakini alifurahi pia kwamba safari hii limeulizwa. Alimpasua samaki kwa kijiko mpaka kwenye mfupa. Nyama ikaachana na mfupa, mvuke ukapanda.

"Tazama mwenyewe, Mama. Na siku yoyote usiporidhika, nirudishie sahani."

Bibi aliinama, akatazama mpaka akaridhika. Kisha akanawa mikono, akasogea, akampa Rahel nafasi mkekani.

"Kaa hapa," alisema. "Tule pamoja."