Jaribio Alilokataa Kulifuta

Walikutana kwenye foleni ya lifti, asubuhi ambayo jengo zima lilionekana limechelewa kazini. Kijana mmoja, shati la samawati limenyooka kwa pasi, alimkanyaga msichana mmoja mguu, akaomba radhi mpaka msichana akacheka. Kumbe walikuwa wanakwenda ofisi moja: kijana kuandika programu za kompyuta, msichana kuzijaribu. Haikuchukua muda wakapendana; kijana akawa anamwita msichana Hakimu, naye msichana akambandika jina la Mtanashati.

"Hakimu wangu, leo umenihukumu nini?" kijana alizoea kuuliza kwenye simu.

"Kifungo cha maisha, mpenzi. Na hakuna rufaa."

Ofisi ilikuwa ya baba mdogo wa msichana, aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi. Alikula kwake, akalala kwake, akaajiriwa kwake. Ndiyo maana aliogopa alipoendesha majaribio ya programu ya hospitali, ya kukadiria dozi za watoto, na alama nyekundu ya kosa ikatokea kando ya mistari ya msimbo, yaani maagizo ya programu. Mtoto wa kilo tatu na nusu alipangiwa dawa ya mtoto wa kilo thelathini na tano. Aliyeiandika ni Mtanashati.

"Lifute hilo jaribio, kosa lisionekane," baba mdogo alimwambia alipoonyeshwa. "Mteja anapokea leo."

"Baba, dozi si sahihi."

"Basi afukuzwe nani, wewe au mwenzako? Chagua, mwanangu."

Alisema kwa upole. Msichana hakulifuta.

Simu ikalia. "Unanichongea kwa bosi?" Mtanashati alifoka. "Kumbe mapenzi yako ya mdomoni tu."

"Njoo uliendeshe jaribio mwenyewe. Kisha unitukane."

Alikuja amekunja uso, akaketi, akabonyeza. Nyekundu. Akabonyeza tena. Nyekundu. Akaupitia msimbo polepole mpaka akaona mahali alipoidondosha nukta ya desimali.

"Ningeua mtoto wa watu," alinong'ona.

Akainuka, akaingia kwa bosi bila kubisha hodi, akawapigia simu watu wa hospitali papo hapo. Alipotoka hakuwa tena na kazi.

"Nisamehe, Hakimu. Sina mshahara wala nyumba. Lakini ukinikubali, nitakuoa."

Nyuma ya kioo cha ofisi yake, baba mdogo alikuwa anawatazama. Msichana alijua akikubali atafukuzwa nyumbani kwake, na hatakuwa na pa kulala.

"Dada yako bado ana godoro la wageni?"

"Analo. Ila ana maswali mengi."

"Nitayajibu," alisema, akachukua mkoba wake.